Kimmich na Yurary: Vijana Wawili wa Daraja la Tatu

Julai 2013 klabu ya RB Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, ilisajili vijana wawili ambao hata mashabiki wake wengi hawakuwa wakiwajua. Wa kwanza, Joshua Kimmich, alikuwa kiungo wa miaka 18, mwenye umbo dogo, aliyelelewa kisoka na VfB Stuttgart lakini hakupewa nafasi katika timu ya wakubwa. Wa pili, Yussuf Poulsen, alikuwa mshambuliaji wa miaka 19, mrefu sana, kutoka Lyngby ya Denmark. Mama yake ni Mdenmark, baba yake Mtanzania. Klabu waliyoingia ilikuwa ndiyo kwanza imepanda kutoka daraja la nne, kwa hiyo ligi iliyowangoja ilikuwa ya daraja la tatu.

Mmoja wao leo ni nahodha wa timu ya taifa ya Ujerumani. Mwingine aliitumikia Leipzig kwa miaka 12, akacheza mechi zaidi ya 400, na kulipeleka jina la baba yake Mtanzania hadi kwenye Kombe la Dunia. Habari zao huwa zinasimuliwa mbalimbali, huyu kwenye kurasa za Bayern na huyu kwenye kurasa za Denmark. Mimi nazisimulia pamoja kwa sababu zilianzia chumba kimoja cha kubadilishia jezi, na kwa sababu nadhani zina la kuwaambia vijana wa kwetu, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, pengine kuliko habari za mastaa waliozaliwa na kila kitu mkononi.

Kwetu Ujerumani haijawahi kuwa nchi ya mbali. Tarehe 27 Februari 1906, Songea, wakoloni wa Kijerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji kwa siku moja, na siku chache baadaye wakamnyonga nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake. Wamisionari Wabenediktini nao walitoka huko huko, wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Liuli, kule ziwani, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake kubwa, na hapo ndipo Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilishambuliwa na Waingereza waliotoka Nyasaland, wakati nahodha wake hajapata hata habari kuwa vita imeanza. Wazee wetu waliijua Ujerumani kwa kitanzi, kwa kanisa na kwa meli. Watoto wao wanaijua kwa Bundesliga ya Jumamosi jioni.

Mtu akipita Mbinga mjini au Mbamba Bay saa hizo ataona pikipiki zimeegeshwa mbele ya kibanda umiza, na ndani mabenchi yamejaa watu waliotoka shambani, sokoni na ziwani. StarTimes ilipokuwa ikionyesha Bundesliga, ligi hiyo ilipata wapenzi wengi huku. Na nimewahi kusikia zaidi ya mara moja mabishano kuhusu Kimmich: huyu ni beki wa kulia au ni kiungo? Watu walilibishania jambo hilo kwa uchungu, kila mmoja na ushahidi wake. Hawakujua kwamba makocha wa Ujerumani wamelibishania kwa karibu miaka 10, na kwamba mabishano hayo ndiyo maisha yake yote ya soka.

Kimmich alizaliwa Rottweil, kusini magharibi mwa Ujerumani, tarehe 8 Februari 1995, akakulia Bösingen, kijiji cha jirani. Alianza kucheza katika klabu ya kijiji, VfB Bösingen. Kule karibu kila kijiji kina klabu yake iliyosajiliwa, yenye uwanja wa nyasi, timu za watoto kwa umri na ratiba ya ligi inayojulikana tangu mwanzo wa msimu. Mtoto wa miaka 8 wa Bösingen alikuwa na mechi ya ushindani kila wiki, yenye mwamuzi. Alipofika miaka 12, mwaka 2007, Stuttgart wakamchukua.

Stuttgart ni shule kubwa ya soka. Imewatoa Mario Gomez, Sami Khedira na Timo Werner. Kimmich alipita madaraja yote ya vijana pale, akawa kiungo wa kati anayeona pasi kabla mpira haujamfikia. Tatizo lilikuwa mwili. Alikuwa mdogo, na ulipofika wakati wa kuamua nani apande kwenye timu ya pili ya klabu, iliyokuwa ikicheza daraja la tatu, hakuahidiwa namba. Angeweza kubaki. Kijana wa miaka 18 aliyevaa jezi ya Stuttgart, bingwa wa Ujerumani mwaka 2007, ana sababu nyingi za kusubiri: jina kubwa, mji mkubwa, nyumbani si mbali.

Aliyemfuata ni Ralf Rangnick, mkurugenzi wa michezo wa Leipzig, mtu aliyeijua vizuri Stuttgart kwa kuwa aliwahi kuwa kocha wake. Leipzig yenyewe ilikuwa na miaka minne tu. Kampuni ya Red Bull iliianzisha mwaka 2009 kwa kununua nafasi ya klabu ndogo ya SSV Markranstädt iliyokuwa daraja la tano, na kwa sababu hiyo ilichukiwa Ujerumani nzima. Wajerumani wana kanuni kwamba wanachama ndio washike zaidi ya nusu ya kura za klabu, na wengi waliona Leipzig imeizunguka kanuni hiyo. Viwanja vya ugenini viliipokea kwa mabango ya matusi. Chuki ile ilikuwa na msingi wake, na sioni sababu ya kuificha. Lakini Rangnick alikuwa na sera moja nzuri: kusajili vijana wasiozidi umri fulani, kuwachezesha kila wiki, na kupanda nao.

Poulsen alikuja kwa mlango huo huo. Alizaliwa Copenhagen tarehe 15 Juni 1994. Baba yake, Shihe Yurary, alifanya kazi melini, akaugua saratani na kufariki wakati mtoto ana miaka 6. Mama akamlea. Kijana alicheza klabu ya mtaani, BK Skjold, kisha mwaka 2008 akaingia Lyngby, na mwishoni mwa 2011, akiwa na miaka 17, akacheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa. Msimu ule Lyngby ilishuka daraja. Kwa kijana mwingine hiyo ingekuwa balaa. Kwake ilikuwa neema, maana katika daraja la chini alipata namba ya kudumu na kuanza kufunga, na hapo ndipo Leipzig walipomwona.

Kimmich alifika Leipzig akiwa na maumivu ya nyonga, akakosa maandalizi ya msimu. Walisubiri apone, kisha kocha Alexander Zorniger akamweka katikati ya uwanja na kumwacha hapo. Ligi ile ina timu 20 na mechi 38. Safari zake ni za basi kwenda miji midogo kama Heidenheim, Burghausen, Elversberg na Unterhaching. Mabeki wake ni watu wazima wenye familia wanaojua kuwa wakipoteza namba wanapoteza mkate, na hawamwonei huruma mtoto mwenye kipaji. Ndiyo sababu ligi ya namna hiyo inafundisha. Kiungo wa miaka 18 anajifunza kupiga pasi kabla hajafikiwa, kugeuka akiwa amebanwa, na kuongea uwanjani na watu wanaomzidi umri kwa miaka 15.

Mei 2014 Leipzig waliifunga Saarbrücken 5-1 nyumbani, wakashika nafasi ya pili nyuma ya Heidenheim na kupanda daraja la pili. Watu zaidi ya 40,000 walikuwa uwanjani kuangalia mechi ya daraja la tatu. Miezi miwili baadaye Kimmich alikuwa Hungary na timu ya Ujerumani ya chini ya miaka 19, wakawafunga Wareno 1-0 fainali na kuwa mabingwa wa Ulaya. Alipofikisha miaka 20 alikuwa na zaidi ya mechi 40 za ligi katika daraja la tatu na la pili, zote za kugombea pointi.

Ndipo Bayern München walipopiga hodi. Januari 2015 ilitangazwa kwamba kijana huyu wa daraja la pili angehamia kwa mabingwa wa Ujerumani msimu ukiisha. Wengi walidhani amenunuliwa akae benchi. Nafasi ya kiungo pale ilikuwa na Xabi Alonso, Thiago, Lahm na Vidal. Lakini kocha alikuwa Pep Guardiola, na mwanzoni mwa 2016 mabeki wake wa kati waliumia mmoja baada ya mwingine. Akatazama kikosi chake, akamchukua Kimmich, kijana ambaye kwa urefu na uzito hakufanana kabisa na beki wa kati, akampanga hapo.

Tarehe 5 Machi 2016 Bayern walikwenda Dortmund. Kimmich alicheza beki wa kati dhidi ya Aubameyang na Reus, mbele ya watu zaidi ya 80,000, na mechi ikaisha 0-0. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, Guardiola aliingia uwanjani mbio akamwendea yeye. Kamera zikawaonyesha: kocha ameusogeza uso wake karibu na wa kijana, mikono inaruka hewani, anaonyesha upande huu na upande ule, anafoka, kisha anamkumbatia. Wengi walidhani anamgombeza kwa kosa kubwa. Baadaye Guardiola alimsifu waziwazi mbele ya waandishi. Alikuwa akimweleza alivyopaswa kusimama baada ya mabadiliko ya dakika za mwisho, na hakutaka kungoja hadi wafike chumbani. Kimmich alisimama akasikiliza, macho kwa macho, bila kununa. Ukitaka kujua kwa nini amefika mbali, uitafute video ile uangalie uso wake, siyo wa kocha.

Mei mwaka huo huo, fainali ya Kombe la Ujerumani, Berlin, Dortmund tena. Mechi ikaenda kwenye penalti na Kimmich, mwenye miaka 21, akajitokeza kupiga. Kipa Roman Bürki akaipangua. Bayern walishinda hata hivyo, na siku nane baadaye yule aliyekosa penalti alivaa jezi ya timu ya taifa kwa mara ya kwanza, katika mechi waliyofungwa na Slovakia. Kocha wa taifa, Joachim Löw, akamchukua Euro 2016 kule Ufaransa. Kikosi hakikuwa na beki wa kulia wa uhakika tangu Philipp Lahm alipostaafu timu ya taifa. Katika mechi ya tatu, dhidi ya Ireland Kaskazini, Löw akampanga Kimmich namba mbili, na Ujerumani ikafika nusu fainali.

Hapo ndipo mabishano ya vibandani yalipozaliwa. Lahm alipoacha soka kabisa mwaka 2017, Bayern nao walimpa Kimmich nafasi ile ile. Alipiga krosi, alipanda na kushuka, akatwaa Kombe la Mabara 2017 kule Urusi, akaitwa mrithi wa Lahm. Watu wengi wangeridhika. Yeye aliendelea kusema kila alipoulizwa kwamba kazi yake ni kiungo. Aliisema bila kugoma na bila kumsema kocha, na Jumamosi ikifika anacheza beki wa kulia kama vile hajui namba nyingine. Naliona hili kuwa jambo gumu kuliko kufunga mabao. Mchezaji anayependa namba moja na kupangwa nyingine kwa kawaida hufanya moja kati ya mawili: anaisahau ile aipendayo, au anaiharibu ile aliyopewa.

Wakati huo Poulsen alikuwa amebaki Leipzig na kupanda nao tena, hadi Bundesliga mwaka 2016. Alikuwa sasa mmoja wa wachache waliocheza na klabu ile kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mwaka 2018 Denmark ilikwenda Kombe la Dunia Urusi. Tarehe 16 Juni, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 24, Poulsen alianza dhidi ya Peru mjini Saransk. Kipindi cha kwanza kikiwa kinaisha alimchezea rafu Christian Cueva ndani ya boksi. Mwamuzi akaenda kwenye televisheni, akaweka penalti, na Cueva akaupaisha mpira juu ya lango. Kijana akanusurika. Dakika ya 59 Christian Eriksen akampenyezea pasi, naye akaukutanisha mpira na wavu kwa mguu wa kushoto. Denmark 1, Peru 0. Mgongoni jezi haikusomeka Poulsen. Ilisomeka Yurary. Alikuwa amechagua kuvaa jina la baba yake katika mashindano yale.

Sijui kama kuna Mtanzania aliyeiona jezi ile asiguswe. Nchi yetu haijawahi kucheza Kombe la Dunia, na hapo jina la mtu wetu, baharia aliyefariki kijana, lilikuwa linasomwa na dunia nzima mgongoni kwa mwanawe. Ujerumani ya Kimmich, mabingwa watetezi, ilifungwa na Mexico siku iliyofuata, na kabla ya mwisho wa mwezi ilikuwa imetolewa kwenye makundi baada ya kufungwa 2-0 na Korea Kusini.

Msimu wa 2018–19 Poulsen alifunga mabao 15 ya Bundesliga, na Mei 2019 wale vijana wawili wa daraja la tatu wakakutana Berlin, fainali ya Kombe la Ujerumani, kila mmoja na jezi yake. Dakika za mwanzo Poulsen aliruka akapiga kichwa kizuri kabisa, mpira unakwenda wavuni. Manuel Neuer akanyoosha mkono, akaugusa kwa vidole ukagonga mwamba. Kama ungeingia, sijui mechi ingekwenda wapi. Haukuingia, na Bayern wakashinda 3-0.

Novemba 2019 Hansi Flick alikabidhiwa Bayern iliyokuwa inayumba. Alifanya mambo mengi, ila kwa habari yetu moja ndilo lenye uzito: alimhamisha Kimmich moja kwa moja katikati ya uwanja. Kisha ikaja korona, viwanja vikafungwa, na Bundesliga ikarudi Mei 2020 kabla ya ligi nyingine kubwa za Ulaya. Tarehe 26 Mei Bayern walicheza Dortmund, uwanja wenye viti zaidi ya 80,000, mtupu. Dakika ya 43 mpira ukamfikia Kimmich nje kidogo ya boksi. Aliona kitu kimoja, kwamba Bürki, yule yule aliyempangulia penalti, amesogea mbele ya mstari wake. Hakupiga kwa nguvu. Aliuinua tu, ukapaa polepole juu ya vichwa vya mabeki. Kipa akarudi nyuma, akaugusa kwa kiganja, ukaingia hata hivyo. 1-0, na ubingwa kwa kweli ulimalizikia pale. Alisema baadaye kwamba katika matayarisho walikuwa wameonyeshwa kuwa Bürki husimama mbele. Bao lile linaonekana kama ubunifu wa ghafla, kumbe lilianzia kwenye kikao cha video.

Agosti mwaka huo Ligi ya Mabingwa ilimaliziwa Lisbon kwa mechi moja moja. Leipzig, klabu iliyokuwa daraja la nne miaka saba kabla, ilifika nusu fainali na Poulsen wake, ikafungwa 3-0 na Paris Saint-Germain. Upande wa pili Bayern waliichapa Barcelona 8-2, kisha Lyon 3-0. Benjamin Pavard, beki wa kulia, alikuwa ameumia, hivyo Flick akamrudisha Kimmich namba mbili. Tarehe 23 Agosti, dakika ya 59 ya fainali, Kimmich alipokea mpira kulia, akainua kichwa, akapeleka krosi nguzo ya mbali. Kingsley Coman akaja kwa kichwa. Bayern bingwa wa Ulaya, 1-0. Kiungo aliyekataa kusahau ukiungo alitoa pasi ya ubingwa akiwa beki. Tangu siku ile, ubishi wa kibandani uliisha kwa upande wangu: ni vyote viwili, kwa sababu alijifunza vyote viwili.

Baada ya hapo njia haikuwa tambarare. Aliumia goti Novemba 2020. Mwaka 2021 alikiri kwamba hajachanja korona, jambo lililozua mjadala mkubwa Ujerumani kwa sababu mwaka mmoja kabla yeye na Leon Goretzka walikuwa wameanzisha mfuko wa kuwasaidia walioathirika. Aliambukizwa, mapafu yakapata shida, akakaa nje hadi mwaka mpya, na baadaye akasema hadharani kwamba angepaswa kuchanja mapema. Nampa heshima kwa kukiri. Qatar 2022 Ujerumani ikatolewa tena kwenye makundi. Mwaka 2024 Bayern ilipoteza ubingwa kwa Leverkusen, kocha Thomas Tuchel akamrudisha tena beki wa kulia, na magazeti yakaanza kuandika kwamba ataondoka. Hakuondoka. Kocha mpya, Vincent Kompany, alipokuja alimrejesha katikati, ubingwa ukarudi mwaka 2025, naye akasaini mkataba hadi 2029. Septemba 2024 alikuwa amepewa kitambaa cha unahodha wa Ujerumani, na Juni 2025 akafikisha mechi 100 za taifa.

Kuhusu Yurary nitaongeza moja tu. Juni 2021, Copenhagen, Eriksen alianguka uwanjani moyo ukasimama, dunia nzima ikiona. Siku tano baadaye Denmark ilirudi uwanja ule ule kucheza na Ubelgiji, watu bado wana machozi. Sekunde ya 99, Poulsen akafunga. Denmark ilipoteza mechi ile 2-1, lakini uwanja ulilipuka kwa namna ambayo hata kwenye televisheni ya kibandani, yenye kukwaruza, ilisikika kama kilio na shangwe pamoja. Alitwaa Kombe la Ujerumani na Leipzig 2022 na 2023, na mwaka 2025 akahamia Hamburg iliyokuwa imepanda daraja, wakamfanya nahodha.

Sasa nirudi kwetu. Mkoa wa Ruvuma si maskini wa soka. Majimaji ya Songea, iliyochukua jina la vita ile, imewahi kuwa bingwa wa Tanzania, na wazee wa Mbinga bado wanasimulia jinsi walivyopanda malori kwenda kuiangalia. Mara ya mwisho ilikuwa Ligi Kuu msimu wa 2017–18, ikashuka pamoja na Njombe Mji. Tangu hapo kijana wa mkoa huu hana timu ya Ligi Kuu ya kumwona jirani. Nyumbani ana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ana mashindano ya ndondo yanayodhaminiwa na mtu fulani wakati wa uchaguzi au sikukuu, kisha kimya. Mchanga wa Mbamba Bay una vijana wanaocheza jioni kwa ufundi wa kushangaza, na giza la mwezi likiingia nusu yao wanakwenda kuvua usipa kwa taa. Umatengo, msimu wa kahawa ukifika, mazoezi yanasimama. Hakuna wa kulaumiwa hapo, maana kahawa ndiyo ada ya shule na usipa ndiyo chakula cha nyumbani.

Ila kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwetu. Kijana wetu akionekana, mara nyingi anaonekana na mtu anayetaka kumpeleka Dar es Salaam moja kwa moja, kwenye klabu kubwa, akiwa na miaka 17 au 18. Familia inafurahi, picha inapigwa, jezi inaonyeshwa. Kisha anakaa. Msimu wa kwanza benchi, wa pili jukwaani, wa tatu anatolewa kwa mkopo miguu imeshasahau mechi. Nimewaona waliorudi hivyo, na si kwamba hawakuwa na kipaji. Walikosa mechi 38 za Burghausen na Unterhaching. Walikosa miaka miwili ya kubanwa na mabeki wenye familia.

Kimmich aliacha jina la Stuttgart akaenda timu iliyochukiwa ya daraja la tatu kwa sababu pale angecheza. Poulsen aliiacha nchi yake kwa ajili ya ligi hiyo hiyo. Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Mbinga na Nyasa, walimu wa michezo, na viongozi wa soka wa wilaya zetu mbili: mtu akija na mkataba, swali la kwanza lisiwe klabu gani wala fedha ngapi. Muulizeni mtoto atacheza mechi ngapi msimu huu. Na kama jibu zuri linatoka timu ya First League au Championship ya mkoa wa jirani, yenye basi bovu na jezi zilizopauka, mpelekeni huko.